Pampu Iliyotoka kwenye Sanduku la Upepo

Mkiniona nimesimama kando ya jengo fulani hapa Kisumu, mikono nyuma, nikimtazama fundi kijana akikata vigae, msidhani namkagua. Natazama maji. Kuna uzi mwembamba wa maji unaotoka kwenye mpira na kuangukia diski ya msumeno pale inapouma kigae, na kwa sababu ya uzi huo udongo uliochomwa ukawa jiwe unakatika kama mkate. Nimeutazama miaka mingi na bado sijauzoea. Nikiutazama nasahau nilikokuwa naenda.

Niliacha shule darasa la tano. Hakuna aliyenifukuza. Siku moja nilikwenda gatini kuangalia jinsi meli inavyopakiwa, nikasahau kurudi. Tangu hapo nimebeba magunia, nimefagia kiwanda cha pamba, nimevuta nyavu za omena, wale dagaa wa ziwani, nimepaka rangi nyumba za watu, nimesukuma mkokoteni wa mitungi nikiuza maji Nyalenda. Kila kazi niliiingia kwa sababu nilitaka kujua kitu fulani kinafanyaje kazi, na nikishajua, nyayo zinaanza kuniwasha. Vigae pekee ndivyo vilivyonishika, kwa kuwa mpaka leo sijamaliza kujua.

Aliyenishika mkono ni Bwana Wafula, mtu wa Busia, mfupi, mwenye magoti magumu kama ya ngamia kwa kupiga magoti sakafuni. Miaka ya themanini mafundi wengi wa huku walikata kigae kwa kukikwaruza na kalamu ya chuma kisha kukivunjia ukingoni mwa ubao, huku wakiomba Mungu. Wafula alikuwa na msumeno wa umeme. Aliununua kwa mkandarasi mmoja aliyemaliza jengo na kurudi kwao, na aliupenda hata mkewe akawa anauita mke mwenza. "Muulize kama amekula," mama huyo alikuwa akiniambia jioni. "Najua yeye ndiye anaogeshwa kwanza."

Somo la kwanza alilonipa halikuhusu mikono. Aliniambia nifumbe macho nisikilize.

"Diski yenye maji inaimba kwa pua," akasema. "Ikikosa maji inalia kwa koo. Ukisikia koo, zima. Usimalize kigae, usimalize hata sentensi."

Somo la pili lilikuwa mpira wa kupimia usawa. Ninyi mna vyombo vya mwanga mwekundu siku hizi, na ni vizuri. Sisi tulikuwa na mpira mwangavu, mrefu, umejazwa maji. Mmoja anashika ncha hii pembe ya huku, mwingine anashika ncha ile nyuma ya ukuta, vyumba viwili mbali, hamwonani. Na maji ya kwangu na maji ya kwako yanasimama urefu mmoja. Mara ya kwanza nilimkimbilia Wafula nikamwuliza maji yale yameambianaje. "Hayajaambiana," akasema. "Ni maji yale yale."

Ila mpira huo una hila yake. Kiputo kimoja cha hewa kikibaki katikati, ncha mbili zinadanganyana. Hivyo ndivyo nilivyotengeneza sakafu ya saluni moja Manyatta, maji yote ya kuoshea nywele yakawa yanaenda kwenye miguu ya wateja. Wafula hakunigombeza. Aliuinua ule mpira kwenye jua, akanionyesha kiputo kimetulia humo kama yai. "Hii sakafu umepimiwa na hewa," akasema. Tukabomoa. Kabla ya kupima, vijana, inueni mpira, ugongeni kwa kidole, hewa yote itoke.

Sasa niwaambie habari ya pampu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwa hili, alikuwa anapanda ndege kwenda ng'ambo. Viwanda vya kukata minofu vilitaka samaki kwa malori, na malori yalikuwa yanashuka mpaka fukwe za mbali kubeba. Pale Port Victoria kulikuwa na kikundi cha akina mama wauza samaki, mkubwa wao akiitwa Mama Nabwire, mwanamke mpana wa mabega ambaye sauti yake ilifika mtumbwini kabla mtumbwi haujafika ufukweni. Walikuwa na chumba cha kupokelea samaki, sakafu ya saruji. Bwana afya alikuja akakitazama, akainama, akagusa saruji, akainusa ile mikono yake.

Akawaambia saruji inakunywa damu ya samaki, na kinachonywa damu kinaoza. Waweke vigae, sakafu nzima iteremkie kwenye tundu la maji machafu, na atarudi Jumatatu ya wiki inayofuata. Akikuta bado, lori la kiwanda halitaruhusiwa kupakia pale.

Mama Nabwire alitueleza maana yake siku tuliyofika. "Lori likikataa, tunarudi kukaanga mgongo wazi," akasema. Mgongo wazi ni mifupa ya mbuta, ile inayobaki baada ya kiwanda kuchukua nyama yote: kichwa, uti wa mgongo na mkia. Watu wa hapa tumeila sana. "Nimekaanga hiyo mpaka macho yangu ikaona moshi hata kwa ndoto. Hawa wote wameacha zamu zao za kupokea pesa ya chama ili vigae inunuliwe. Kwa hivyo, fundi, usituchezee."

"Mimi sichezi na mtu ananishinda uzito," Wafula akajibu, na akina mama wakacheka, na kazi ikaanza.

Chumba kilikuwa na tundu moja katikati. Sakafu ya namna hiyo ni kama sahani: kutoka kila pembe inashuka kidogo kidogo, na pale miteremko inapokutana kila kigae lazima kikatwe kimshazari. Vigae vyenyewe vilikuwa vinene, vyekundu, vya kuvumilia mapanga na barafu. Kalamu ya chuma haikuvitisha. Msumeno tu. Tuliazima jenereta ndogo, tukaweka msumeno chini ya kivuli cha ukuta, beseni lake tukalijaza maji ya ziwa.

Tulikuwa tumefika nusu. Wafula anakata, mimi napanga. Diski inaimba kwa pua. Kisha ikalia kwa koo.

Alizima kabla sijainua kichwa. Diski ilikuwa na rangi ya buluu ukingoni, kigae kimepasuka vipande vitatu, na uzi wa maji haukuwapo. Ndani ya beseni pampu ilikuwa imezama kwenye uji mzito, maana vumbi la vigae likikutana na maji linakuwa uji. Niliigusa, ilikuwa moto kama kiazi kilichotoka jivuni. Nikaifungua palepale, kwa kuwa mimi kitu kikifa lazima nione ndani. Waya wake ulikuwa mweusi, unanuka nywele zilizoungua.

"Imeshiba," Wafula akasema. "Tumeilisha uji tangu asubuhi."

Tulijaribu tulivyoweza. Mama Nabwire alichukua birika, akasimama juu ya msumeno akimimina. Maji yanayomiminwa kwa mkono hayatulii. Yanakuja mengi, yanakosekana, yanakuja tena. Diski ikayatupa yote usoni mwake. Aliweka birika chini, akajifuta kwa khanga.

"Fundi, mimi nilibatizwa tayari," akasema.

Tukatundika juu ya mti mtungi wenye mpira unaoshuka. Mtungi ukijaa, uzi ni mzuri. Ukifika nusu, uzi unakuwa matone. Tulipasua kigae kingine, kisha kingine tena, na Wafula akainua mkono. Vigae vya akiba vilikuwa vichache. Kila kimoja tulichovunja kilikuwa kipande cha sakafu ambacho hakingepatikana tena kabla ya Jumatatu.

"Wewe," akaniambia, "ndiye unajua kila takataka ya Kisumu iko wapi. Nenda ulete pampu. Mimi nitapanga vile vizima havitaki kukatwa. Vikiisha, nitakaa."

Niliondoka na lori la kiwanda, juu ya samaki na barafu. Jua la huko Bunyala linachoma mgongo na barafu inauma makalio, na ziwa lote liko nyuma yetu linawaka kama bati jipya. Nilikaa nikiwaza kwamba baridi hii imetengenezwa na mashine mahali fulani, imebebwa kwa gari, na inayeyuka polepole tu kwa sababu imefunikwa maranda ya mbao. Nilichomoa konzi ya maranda nikayatazama njia nzima. Tulipofika, dereva alinidhani mgonjwa.

Kisumu nilianzia dukani, barabara kuu, kwenye duka la vifaa vya ujenzi ambalo mlango wake wa kioo ulinifanya nijipanguse miguu. Kijana wa kaunta alikuwa mpole. Alifungua kitabu chenye picha, akakuta msumeno wetu, akakuta pampu yake. Ingeagizwa Nairobi, na Nairobi wangeiagiza kwa wenzao mbali zaidi. Aliponitajia bei nilifikiri anataja ya msumeno mzima.

"Ni ya pampu," akasema, "pamoja na kusubiri."

"Kusubiri nako kunalipiwa?"

"Mzee, kusubiri ndiyo ghali," akasema, na alisema kweli.

Nikaenda soko la Kibuye, kwa mafundi wa jua kali, kwa rafiki yangu Oduor. Kazi yake ilikuwa kusuka mota upya: anachomoa waya ulioungua, anasuka mwingine kwa mkono, zamu kwa zamu, akihesabu kwa midomo bila sauti. Nilimpa pampu yetu. Aliiweka karibu na jicho moja.

"Omera, huu waya ni nywele za mtoto," akasema. Omera ni kama kusema ndugu yangu. "Sina huu. Hata nikiwa nao, vidole vyangu vimenenepa."

Nikamwambia nina wazo. Gari lina pampu ndogo ya kurushia maji kioo cha mbele. Pale Kibuye magari yaliyokufa yalikuwa mengi kuliko yaliyo hai. Oduor akatabasamu tu, akaniazima betri. Nikapata pampu hiyo kwa bei ya chakula cha mchana, nikaifunga, nikaitumbukiza kwenye ndoo. Maji yakaruka. Nikasimama pale nimeshika mpira kama mtu aliyekamata nyoka mzuri. Watu wakaja kuona. Nikanunua andazi kusherehekea.

Sikuwa nimelimaliza. Maji yakapungua, yakakohoa, yakakata. Pampu ilikuwa haishikiki kwa moto.

Oduor alicheka mpaka akashika meza. "Hiyo imezoea kutema mate," akasema. "Wewe unaiambia iimbe misa nzima."

Kisha akaacha kucheka, akapangusa mikono, akasema neno ambalo nawaachia ninyi kama urithi, maana limenisaidia katika kutafuta vifaa vya kila aina. "Usitafute kitu kinafanana na hii pampu. Tafuta kitu kina kazi kama yake. Kuna mashine gani, popote, kazi yake ni kubeba maji kidogo kidogo, mchana kutwa, bila kuchoka?"

Nilikaa juu ya tairi lake nikawaza. Pampu ya shamba inabeba mengi. Pampu ya kisima inabeba mbali. Kidogo kidogo, mchana kutwa. Na hapo nikaona, kwa macho ya akili, nyasi kavu zinazodondoka maji.

Miaka kadhaa kabla, wakati napaka rangi, nilipewa kibarua katika nyumba moja ya zamani nyuma ya mtaa wa maduka, ya mama mmoja wa Kihindi, mjane, ambaye watu wote walimwita Mama Kanta. Kwenye baraza lake palikuwa na sanduku la bati kubwa kama kabati la vyombo, pande tatu limejazwa nyasi zilizobanwa kwa waya, na ndani feni na pampu ndogo. Paka alilala humo. Nilimwuliza ni nini, na akanieleza, nami nikaliweka kichwani pamoja na takataka nyingine zote ninazoweka humo.

Nilikwenda mbio. Alikuwa ameketi pale pale barazani akichagua mawe kwenye dengu, huku akibishana kwa Dholuo na muuza sukumawiki, na muuza sukumawiki alikuwa anashindwa. Alipomaliza ushindi wake akanigeukia.

"Wewe ni yule kijana ya rangi," akasema. "Uliuliza maswali mpaka rangi ilikauka kwa brashi."

"Ndiye mimi, Mama. Nimekuja na swali lingine." Nikamwonyesha sanduku. "Hii pampu yake bado iko ndani?"

Aliligeukia sanduku. Paka alikuwa mwingine sasa, lakini alilala mahali pale pale.

"Hiyo ililetwa na mzee wangu," akasema. "Kwao India, mahali anazaliwa, jua ni kavu. Weka maji juu ya nyasi, feni ivute upepo ipite kwa nyasi, chumba inakuwa kama asubuhi. Akasema Kisumu ni moto, mimi nitaleta asubuhi Kisumu. Akaleta. Majirani wote walikuja, nilipika. Akawasha." Akamwaga kokoto moja kutoka kwenye sinia. "Pazia ikalowa. Chumvi ikawa maji. Kiberiti haiwaki siku tatu. Joto iko vile vile, na sasa joto iko na maji."

"Kwa nini, Mama?"

"Naona hujapona." Akaonyesha kwa kidevu upande wa ziwa. "Upepo ya kwao iko na kiu, ndiyo maana inakunywa maji kwa nyasi na inakuwa baridi. Upepo ya hapa imetoka kunywa huko. Haina kiu. Mzee hakukubali. Kila mwaka alisema ngoja kiangazi. Watu walimcheka mpaka akafa, yeye anasema ngoja kiangazi."

Vijana, nilisimama pale nimeacha mdomo wazi. Nimeishi kando ya ziwa hili maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba upepo unakunywa, au kwamba upepo unaweza kushiba.

Nikamweleza habari ya Port Victoria: chumba cha samaki, tundu la katikati, bwana afya, Mama Nabwire na moshi wa mgongo wazi. Alisikiliza bila kuacha dengu. Nikamwuliza bei.

"Siuzi. Nikiuza, nitakuwa nimemwambia mzee wamecheka kwa haki." Akanyoosha mguu akagusa ngazi ya baraza. Kigae cha ukingoni, cha zamani, cha maua ya buluu na njano, kilikuwa kimevunjika na kubaki shimo lenye umbo la ajabu, kona huku, pinda kule. "Mafundi watatu wamekuja. Wote wanasema kukata hiyo haiwezekani. Chukua pampu. Ukimaliza na samaki zako, lete mashine yako hapa, ukate kigae ya hii shimo mbele yangu. Hiyo ndiyo bei. Na nataka kuona pampu ikifanya kazi."

"Nitakuwashia sasa hivi uone."

Tuliitoa, tukaiweka kwenye ndoo, tukachomeka. Ikanguruma, haikusogea. Nikachomoa, nikafungua kifuniko cha chini: ukoko mweupe wa maji ya zamani ulikuwa umeshika kipanga chake, kile kigurudumu chenye mapezi kinachosukuma maji. Mama Kanta aliingia ndani akatoka na ndimu mbili. Ndimu, vijana, si kisu. Nikapaka, nikasubiri, ukoko ukatoka kama ngozi ya maziwa. Nikakizungusha kipanga kwa kidole mpaka kikalegea. Tulipochomeka tena, maji yalipanda mpirani, polepole, bila kukohoa, yakamwagika. Yakaendelea. Tulinywa chai na yalikuwa yanaendelea.

Mimi nilikuwa karibu kucheza. Yeye alitikisa kichwa tu.

"Hii ilifanya pia wakati ule," akasema. "Kutoa maji haikuwa shida. Mzee alitaka kupoza."

Nilirudi Port Victoria Ijumaa na lori la barafu. Wafula alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya sakafu yenye mapengo. Vizima vilikuwa vimekwisha. Akina mama walikuwa wamekaa ukutani, na kwa mara ya kwanza sikumsikia Mama Nabwire kabla ya kumwona.

Wafula aliipokea pampu, akaigeuza. Ilikuwa nyepesi, mwili wa plastiki. "Hii ni pampu au kopo la jamu?"

"Imefanya kazi mahali haikutakiwa," nikamwambia. "Tuijaribu mahali inatakiwa."

Safari hii hatukuilisha uji. Tuliiinua juu ya vipande vya vigae ili isiguse chini ya beseni, tukaiweka ndani ya kopo lililotobolewa, na kopo tukalivisha wavu wa omena. Huo wavu matundu yake ni madogo hata samaki wa ukubwa wa sindano hapiti. Mvuvi mmoja alitukatia kipande akiuliza tunavua nini kwenye beseni. Waya wa umeme tukauachia tumbo lining'inie chini kabla ya kufika kwenye soketi, ili tone la maji likitembea nao lidondoke hapo. Fanyeni hivyo daima. Umeme na maji ni wakwe: wakae karibu, wasigusane.

Wafula akawasha. Uzi ukatoka, ukatulia juu ya diski. Akasukuma kigae. Akafumba macho.

Iliimba kwa pua.

Alikata kigae chote akiwa amefumba macho hivyo, na kipande kilipoanguka upande, Mama Nabwire alikiokota akapitisha kidole kwenye ukingo. "Ni kama sabuni," akasema kwa sauti ndogo. Hakuna aliyejua alikuwa na sauti ndogo.

Bwana afya alikuja Jumatatu asubuhi. Aliomba ndoo ya maji, akaenda pembe ya mbali kabisa, akaimimina, akarudi nyuma. Maji yalitanda, yakasimama. Najua ulikuwa muda mfupi, lakini nilipata nafasi ya kukumbuka saluni ya Manyatta na kile kiputo. Kisha yakachagua njia. Yakaanza kutembea, ukingo wake unang'aa, yakafuata mshazari wa vigae tulivyokata, kigae kwa kigae, kama watu wanaojua nyumba wanayokwenda, yakafika kwenye tundu, yakaingia. Bwana afya akainama akagusa pembe, akainusa mikono yake, akaandika, akaaga.

Mama Nabwire alivua ndara zake. Akatembea peku kutoka pembe ile mpaka kwenye tundu, juu ya alama ya maji, polepole, kisha akarudi akaanza upya kutoka pembe nyingine. Nje lori lilikuwa linarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

Tuliporudi Kisumu nilimwambia Wafula kuna deni. Tulibeba msumeno mpaka barazani kwa Mama Kanta. Kigae cha maua ya buluu na njano hakikupatikana popote mjini. Nilileta cheupe, nikachora juu yake umbo la lile shimo kwa penseli. Mama Kanta aliagiza kiti chake kisogezwe karibu. Paka alihama.

Mkato wa namna ile haufanywi kwa mara moja. Unapiga mikato mingi midogo kama meno ya kitana kufuata mstari, unavunja meno kwa koleo, kisha unarudi kulainisha. Wafula aliniachia mimi. Pampu ya mzee wa Mama Kanta ilikuwa inapandisha maji, uzi unaanguka, diski inaimba, na yeye alikuwa ameegemea mbele, mikono juu ya fimbo, akitazama pale pale ninapotazama mimi hadi leo.

Nilizima. Nikachomoa waya. Kigae kikaingia kwenye shimo kama kilizaliwa humo.

Hakukitazama. "Hiyo chuma," akasema, "inakata mawe muda huu yote. Ni moto?"

"Gusa, Mama."

Alinyoosha mkono, akausitisha, kisha akaweka vidole viwili juu ya diski. Akaviacha hapo. Halafu akaweka kiganja kizima.

"Imepoa," akasema.

Akageuza kichwa kuelekea ndani, mahali ambapo picha ya mzee ilitundikwa juu ya mlango, akasema maneno machache kwa lugha yao, kwa sauti ya mtu anayeendeleza mazungumzo ya kila siku. Mimi, niliyeuliza maji yameambianaje, sikuuliza alichosema.